Mizizi Kumi na Tisa

Walimwita Bi Keekee, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa udongo, na kazi iliyompa jina ilikuwa kushika keekee, lile bomba la chuma lenye mpini wa kukingama. Unalizungusha ardhini mpaka sentimita kumi na tano, unalichomoa, unausukuma udongo uingie mfukoni. Kisha unafuta. Hapo kwenye kufuta ndipo Bi Keekee alipokuwa hana simile na mtu. Pamba, spiriti, kiberiti. Moto wa buluu unapita juu ya chuma, chuma kinapoa, ndipo linatobolewa shimo jingine. Wenzake walisema angekuwa daktari wa upasuaji, wagonjwa wangekufa kwa kungoja. Yeye akawajibu kwamba angalau wangekufa wasafi.

Alikuwa na sababu yake. Kilichokuwa kikitafutwa ndani ya udongo ule ni kuvu, jamaa za uyoga zinazoishi chini kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kuvu haziheshimu mipaka. Chembe ya tope kutoka shimo la kwanza ikiingia shimo la pili, mashine itazihesabu kuvu zilizomo kama wenyeji wa shimo la pili. Mwaka mzima wa kazi unaweza kuharibiwa na uchafu unaotosha kujaza ukucha.

Utafiti wa mwaka ule ulikuwa mkubwa. Daktari, mkuu wa kituo, alitaka kujua kuvu zinavyotofautiana katika sura tatu za mbuga: pori la miti, vichaka vya miiba, na nyasi tupu. Kila sura viwanja vinane, kila kiwanja mashimo kumi. Mashimo mia mbili na arobaini, na yote yalipita mikononi mwa Bi Keekee. Ilikuwa kiangazi, wiki mbili baada ya moto wa kila mwaka, na huko kwenye nyasi hakukuwa na cha kuona ila majivu meusi yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Alitoboa, akafuta, akaandika kwenye daftari la porini, na jioni alirudi nyumbani akipiga chafya nyeusi.

Majibu yalirudi baada ya miezi minne, mvua zikiwa zimeshaanza. Pori la miti lilikuwa sawa, vichaka vilikuwa sawa. Nyasi ndizo zilizoleta balaa. Ndani ya udongo wa nyasi tupu mashine ilikuta kuvu ambazo huishi kwenye mizizi ya miti ya porini, zile ambazo bila mti hazina pa kulia. Daktari aliyasoma majibu mara mbili, akaitisha kikao.

Siku ya kikao Daktari hakumwamkia Bi Keekee. Alikuwa mdogo kwa Bi Keekee kwa miaka kumi na miwili, na tangu ahamie kituoni hakuwahi kuacha shikamoo yake ya asubuhi, hata akiwa na haraka ya kwenda chooni. Siku ile alipita kama hakumwona, akaenda kuketi mbele. Ndani walikuwa watu tisa ukimtoa Bi Keekee mwenyewe, pamoja na mpishi wa chai aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa mkononi, asijue aingie au atoke.

"Sampuli za nyasi zimechafuka," Daktari alisema. "Asubuhi mlikuwa porini, mchana mkahamia nyasini. Keekee haikufutwa."

"Ilifutwa," Bi Keekee alisema.

"Mama, mashine haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

Watu waliangalia meza. Bi Keekee hakuangalia meza. Alimwambia Karani, mtunza takwimu wa kituo, afungue orodha ya mashimo, kwa maana kwenye nyasi kuna mahali alikwama na aliandika ni nini kilichomkwamisha. Karani alifurahi kuombwa. Alikuwa rika lake, mtani wake wa siku nyingi, mtu anayejivunia kwamba katika majedwali yake hujawahi kuona kisanduku kitupu. Akasoma kwa sauti ya redio. Kiwanja cha tatu, shimo la nne, jiwe. Shimo la tano, jiwe. Akaenda hivyo hadi mwisho, akajumlisha.

"Mawe kumi na tisa," alisema.

"Mawe? Mimi sijaandika jiwe hata moja. Leteni daftari."

Daftari likaletwa, lina alama za majivu mpaka kwenye jalada, na mwandiko wa Bi Keekee ukaonekana wazi. Mzizi. Mzizi. Mzizi. Mara kumi na tisa. Karani akajikuna shingo.

"Sasa dada yangu, ukijaza kiwanja cha nyasi kompyuta inakupa kizuizi cha aina mbili tu, jiwe au kichuguu. Mzizi haumo. Nikajua umekosea kwa uchovu, nikakurekebishia. Nilikuwa nakusitiri."

"Umenisitiri kweli," Bi Keekee alisema. "Ungenivua nguo ningejua la kufanya."

Aliamini ameshinda. Lakini Daktari alilivuta lile daftari, akalipekua, akalifunga kwa kiganja.

"Mizizi ya miti, kwenye nyasi tupu," alisema. "Kutoka pale mpaka mti wa karibu ni mwendo wa dakika ishirini. Basi hata kurasa ulizichanganya, ukaandika ya porini kwenye ya nyasi. Hii ndiyo inazidi kuthibitisha."

"Nilipokwama nilisogea hatua moja kama ulivyoelekeza, nikatoboa tena. Nilichokigusa nimekiandika. Sikuulizwa ni cha nani."

Daktari akamsogezea karatasi. Ilikuwa imeshachapwa, na hapo Bi Keekee akatambua kwamba kikao kilikuwa kimekwisha kabla hakijaanza. Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba sikusafisha kifaa kama inavyotakiwa. Chini yake mstari wa saini. Daktari alishusha sauti, akawa mpole, na upole ule ulimuudhi Bi Keekee kuliko tuhuma yenyewe.

"Ukisaini, yanaishia hapa. Sampuli themanini tunazitupa, mimi naandika ripoti, wewe unamalizia miaka yako mitatu unastaafu kwa amani. Usiposaini, linakwenda juu, na huko sitaweza kukusaidia. Nakupa mpaka Jumatatu."

Bi Keekee aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. "Nimekusikia," alisema, na akaondoka bila kunywa chai.

Nyumbani alimkuta wifi yake ukumbini, anapiga pasi mitumba ya kuuza kesho. Wifi huyo, dada wa mumewe, alihamia kwao kwa wiki mbili, na wiki hizo zilikuwa zimetimiza mwaka wa sita. Aliisoma ile barua ya kukiri huku pasi ikiwa mkono wa pili.

"Saini, wifi. Kalamu haina miiba. Mimi nimesaini mangapi nisiyoyafanya? Na isitoshe, ni udongo tu."

"Udongo tu?"

"Basi nimekosea kusema."

"Hujakosea, ndivyo mnavyoona. Ngoja nikwambie. Nikitia saini hapa, si mashimo themanini yanayotupwa. Kila shimo nililowahi kutoboa kwa miaka ishirini na mbili litatiliwa shaka. Watasema, ah, yule mama, yule si ndiye aliyekiri? Mimi sina cheo, wifi. Sina shahada ukutani. Nilicho nacho ni kwamba nikisema nimefuta, nimefuta. Wakinichukulia hicho nimebaki na nini?"

Wifi aliirudisha barua mezani, akageuza shati upande wa pili. Hakusema tena asaini.

Mumewe alikuwa uani kwenye karakana yake, anapiga randa ubao wa mlango. Alikuwa seremala, na maneno aliyatoa kwa kipimo kama misumari ya bei. Bi Keekee alimweleza yote akiwa amesimama, mikono kiunoni. Seremala aliendelea na randa mpaka akafika mwisho wa ubao.

"Keekee ilipougusa huo mzizi," aliuliza, "ulilia vipi?"

Bi Keekee alifikiri. Jiwe analijua, jiwe linakwaruza na meno ya keekee yanapiga kelele mpaka mtu anasikia kwenye fizi. Huu haukukwaruza. Ulishika. Na keekee ilipotoka ilikuwa na unga mwekundu kwenye meno, na unga ulinuka mbao mbichi.

"Ulishika," alisema. "Nikasogea hatua moja, ukashika tena. Kiwanja cha tatu nilisogea mara tatu."

"Upande mmoja?"

"Pande zote." Mkono mmoja ukashuka kutoka kiunoni. "Mzizi uliotoka mbali ungekuwa mmoja, ningeuruka nikauacha. Huu ulikuwa kila upande. Mwenyewe yupo palepale. Yupo chini."

Seremala alipuliza maranda kwenye ubao. "Jembe liko nyuma ya mlango," alisema.

Jumamosi asubuhi walikwenda wote wawili. Mlinzi wa geti aliwaona na jembe, sururu na turubai, akauliza wanaenda kulima nini. Bi Keekee akamwambia wanaenda kupanda Daktari. Mbugani, mvua ilikuwa imeshafanya kazi yake. Nyasi zilifika magotini, na katikati yake, hapa na pale, kulikuwa na madoa ya majani mapana yanayong'aa, yamekaa kwa mafungu, hakuna lililozidi urefu wa muundi. Kituoni waliyaita magugu. Bi Keekee naye aliyaita magugu, miaka yote ile, akayakanyaga akienda na kurudi. Alisimama akayatazama na akajisonya mwenyewe.

Kiwanja cha tatu kilikuwa na vigingi vyake vinne vya chuma. Hakuingia. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, lakini kiwanja cha utafiti hakichimbwi, na kanuni hiyo aliwafundisha wengine yeye mwenyewe. Alihesabu hatua tano nje ya kigingi, mahali ambapo fungu moja la majani lilikuwa pana kama sebule yake, akavua kandambili na kuvaa buti.

Alichimba yeye. Seremala alikuwa akizoa udongo na kuuweka kwenye turubai, tabaka kwa tabaka, kama alivyoelekezwa. Hawakufika mbali. Juu kidogo ya pale keekee inapoishia, jembe likagonga kitu na kunasa. Bi Keekee alipiga magoti, akafukua kwa mikono, na kitu kikatokea, kimelala kwa ubavu, kinene kama mkono wa mtu, kina gome jeusi. Walikifuata. Kikapanuka, kikakutana na kingine, na kingine. Ilipofika saa sita walikuwa na handaki la hatua nne, na humo ulikuwa umelala mti. Shina lake lilikuwa nene kama paja, halikusimama popote, lilikuwa limejinyoosha chini ya nyasi na kutoa matawi kila upande, na kila fungu la yale magugu lilikuwa ncha ya tawi lililochungulia juu kidogo kupata jua. Moto ulikuwa ukipita kila mwaka ukila ncha. Mti wenyewe haukuwa na habari.

Seremala aliligonga shina kwa mpini wa nyundo, akainamisha sikio. "Huu ni mkubwa kwa babu yangu," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Bi Keekee alitoa lenzi ya mkononi. Alifuata mzizi mdogo, kisha mdogo wake, hadi akafika kwenye ile myembamba kabisa, na hapo akaona alichokuwa akikitafuta. Ncha zilikuwa zimevimba, kila moja imevaa ala nyeupe ya kuvu, sawasawa na zile alizozoea kuziona chini ya hadubini kutoka pori la miti. Hazikubebwa na keekee. Zilikuwa kwao. Alicheka peke yake ndani ya handaki, akacheka mpaka seremala akatabasamu, kisha akaikumbuka barua na kukasirika upya. Alijipangusa mikono, akapiga simu.

"Daktari, jibu la barua yako liko shimoni. Njoo na viatu vya kazi."

Daktari alikuja na viatu vya ofisini. Alianza kufoka tangu mlango wa gari haujafungwa.

"Nani kakuruhusu kuchimba huku?"

"Hakuna. Kiwanja chako kile pale, sijagusa hata kigingi. Shuka."

"Mama, sikiliza..."

"Ulisema niko huru kujibu mpaka Jumatatu. Leo Jumamosi. Shuka usome."

Seremala alimpa mkono. Daktari akashuka, tope likamwingia viatuni. Aligusa shina. Alifuata tawi kwa kidole mpaka kwenye jani. Bi Keekee akamkabidhi lenzi na kumwonyesha mahali pa kutazama, na aliinama juu ya zile ncha nyeupe mpaka shati lake la Jumamosi likagusa ukuta wa handaki. Aliponyanyuka uso ulikuwa mwingine. Hasira ilikuwa imekwenda, na kilichokuja mahali pake kilikuwa furaha, na Bi Keekee aliiogopa ile furaha zaidi.

"Mama, unajua tuna nini hapa? Sisi tumechora ramani kutoka angani, tumeandika nyasi tupu, kumbe msitu uko chini. Ripoti yote inaandikwa upya. Hili litazungumzwa. Na wewe, nakuahidi, nitakushukuru mwishoni mwa ripoti, kwa jina lako kamili. Bila macho yako na mikono yako ya dhahabu..."

"Hicho kilemba cha ukoka usinivishe, kichwa changu kinanitosha. Barua je?"

"Barua gani? Ah, ile. Chana. Tuisahau."

"Sichani."

Daktari alimtazama seremala, kana kwamba wanaume wawili wangeweza kuelewana. Seremala alikuwa anakagua gome.

"Ulinipaka matope mbele ya watu tisa," Bi Keekee alisema. "Niliumia, Daktari. Usidhani kwa kuwa nilitoka kimya sikuumia. Mwishoni mwa ripoti hakuna anayesoma, wewe mwenyewe husomi. Utanisafisha mbele ya watu tisa, walewale, kwenye chumba kilekile. Ukishindwa, nakwenda huko juu ulikoniambia, na barua yako, na daftari langu, na picha za hili shimo. Chagua."

"Mama, kuna suala la heshima ya ofisi."

"Ofisi ina mti chini ya miguu yake na haikuujua. Heshima yake itavumilia."

Jumatatu barua ilikuwa juu ya meza, imekunjuliwa, mikunjo minne inaonekana, mstari wa saini mtupu. Watu walikuwa wameketi. Daktari alikohoa, akasimama.

"Hatujatimia," Bi Keekee alisema.

"Nani hayupo?"

"Mpishi wa chai."

"Yuko jikoni, mama. Kuna haja gani ya..."

"Ulipowaambia watu sikufuta keekee, alikuwa amesimama pale na chupa. Ameondoka na hilo amekwenda nalo kwake. Leo aondoke na hili."

Wakangoja. Saa ya ukutani ilisikika. Mtu mmoja alijaribu kutoa mzaha kuhusu hali ya hewa, ukamfia mdomoni. Mwishowe mpishi akaja, anajifuta mikono kwenye aproni, uso wa mtu anayejua amefukuzwa kazi na anakisia tu sababu. Karani alimpisha kiti. Bi Keekee akahesabu kwa macho, mmoja mmoja, mpaka tisa.

"Sasa," alisema.

Daktari alishika ukingo wa meza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilisema keekee haikufutwa. Ilifutwa. Nilisema hakuna mizizi kwenye nyasi. Ipo, na kuvu zake zipo, na sampuli themanini ni safi. Bi Keekee aliandika alichokikuta. Aliyekosea ni mimi." Aliichukua ile barua, akaandika juu yake kwa wino maneno hayohayo, akatia saini mwenyewe, akampa. Mpishi wa chai alishusha pumzi kwa sauti, watu wawili wakacheka.

Kikao kilianza kunyanyuka. Bi Keekee hakunyanyuka. Alivuta kiti chake mpaka nyuma ya kompyuta ya Karani, akafungua daftari la majivu mapajani.

"Kiwanja cha tatu, shimo la nne. Soma."

"Dada yangu, nitarekebisha baadaye, nitulie..."

"Wewe ukitulia unanisitiri. Soma."

"Jiwe."

"Futa. Andika mzizi."

Karani alijaribu. Kompyuta ilikataa, ikamwonyesha jiwe na kichuguu. Alijaribu tena, ikakataa tena. Akamtazama Daktari. Daktari alikuwa amefika mlangoni. Akasimama, akarudi, akainama mwenyewe juu ya mashine na kuliongeza lile neno kwenye orodha ya nyasi.

"Soma kwa sauti," Bi Keekee alisema. "Mawe uliyasoma kwa sauti."

Karani akasoma. Kiwanja cha tatu, shimo la nne, mzizi. Shimo la tano, mzizi. Hakuna aliyethubutu kutoka. Bi Keekee alikuwa anahesabu kwa vidole, na vilipokwisha alianza upya na kidole gumba.

"Kiwanja cha nane, shimo la tisa," Karani alisema, sauti ya redio imemkauka. "Mzizi."

"Kumi na tisa," Bi Keekee alisema. Alifunga daftari, akamgeukia mpishi. "Haya, mimina chai. Siku ile niliondoka bila kunywa."